Kuingia Klabu ya Dansi ya Chuo Bila Kujua Hatua Hata Moja

Kila mwaka, vyuo vya hapa Tabora vinapofunguliwa na mvua za kwanza zinapoanza kulaza vumbi chini ya miembe, wanafunzi wapya hunijia na swali lile lile: je, mtu ambaye hajawahi kushikana mikono na mwenzake wakacheza walsi anaweza kupokelewa katika klabu ya dansi? Jibu ni ndiyo, na tena klabu nyingi za chuo husimama kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, kwa kuwa wanaojua huhitimu na kuondoka kila mwaka, na bila wageni klabu hufa ndani ya miaka mitatu. Niliingia nikiwa hivyo hivyo, nimebaki nikifundisha darasa la wanaoanza, na haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla ya jioni yangu ya kwanza.

Ninaposema dansi ya ukumbini na dansi ya Kilatini, ninazungumzia mitindo kumi inayofundishwa kwa utaratibu mmoja karibu duniani kote. Mitano ni ya ukumbini: walsi, tango, walsi ya Vienna, foksitroti na kwikistepu. Mitano mingine ni ya Kilatini: chacha, samba, rumba, pasodoble na jaivu. Mgeni hahitaji kuijua yote. Klabu makini humwanzisha kwa miwili au minne, na huko Uingereza, ambako vyuo vikuu hushindana katika dansi hizi kila mwaka, mashindano ya wanaoanza hujikita zaidi katika walsi, kwikistepu, chacha na jaivu. Ukiona klabu inayoahidi kukufundisha mitindo yote kumi kwa muhula mmoja, uliza maswali zaidi kabla ya kutoa fedha.

Wapo wanaosita kwa kudhani kwamba dansi hizi ni mambo ya watu wa mbali yasiyotuhusu. Hapo historia yetu inawapinga. Neno lenyewe, dansi, liliingia katika miji yetu pamoja na walsi, foksitroti na tango zilizochezwa katika kumbi za vijana wa mijini tangu miaka ya 1930, na ndiyo sababu mpaka leo tunauita muziki wa bendi zetu muziki wa dansi. Santuri za Kuba zilizofika Afrika katika miaka hiyo hiyo ndizo zilizowapa wanamuziki wa Kongo mbegu ya rumba yao, ambayo mwaka 2021 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Tabora nayo ina nafasi yake: mji uliotoa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz si mji wa kuambiwa kwamba kushikana na kuzunguka ukumbini ni jambo geni. Mzee mmoja fundi cherehani, jirani yetu pale tunapofanyia mazoezi, alisimama dirishani siku moja akatutazama kwa muda mrefu, kisha akaingia, akavua kofia, akamwomba binti mmoja wa mwaka wa pili wacheze foksitroti. Hakukosea pigo hata moja. Tulipomwamkia na kumuuliza alijifunza wapi, alisema tu, “Hapa hapa, wanangu.”

Namna ya kujiunga

Wiki ya kupokea wanafunzi wapya ndiyo wakati wa kujiandikisha, na usiipitishe. Darasa la wanaoanza huanza mara moja tu kwa mwaka katika klabu nyingi, kwa sababu mwalimu hujenga somo juu ya somo: wiki ya kwanza ni kutembea, ya pili kushikana, ya tatu kugeuka. Anayeingia wiki ya sita huwakuta wenzake wameshazungumza lugha ambayo yeye hajafundishwa hata herufi zake, naye hujiona mzito kumbe tatizo ni kalenda. Ikiwa umechelewa kwa sababu ya mkopo, usafiri au kuhama chuo, nenda umweleze kiongozi wa klabu waziwazi na uombe mtu wa kukufundisha hatua za mwanzo pembeni. Mimi sijawahi kumkatalia mtu wa namna hiyo, na sijui mwalimu mwema anayekataa.

Kabla ya kulipa ada, omba kuhudhuria kipindi kimoja ukiwa mtazamaji au mshiriki wa bure. Angalia ikiwa wanaoanza wana saa yao wenyewe au wanachanganywa na wakongwe na kuachwa waige kwa macho. Angalia sakafu. Uliza mazoezi yanamalizika saa ngapi, kwa kuwa wanaopanga mitaani, hasa akina dada, wanahitaji kujua kama watapata wenzao wa kurudi nao saa mbili usiku. Uliza pia ada inagharimia nini: ukumbi, spika, nauli ya mwalimu, au sare za maonyesho. Ninasisitiza hili kwa sababu nikiwa mwaka wa kwanza nilitoa sehemu kubwa ya fedha zangu za kujikimu kwa ajili ya sare katika kikundi kimoja, na sare hiyo haikushonwa wala fedha haikurudi. Tangu siku hiyo ninawaambia wageni walipe ada ya muhula mmoja tu, wadai stakabadhi au ujumbe wa simu unaoonyesha malipo, na sare waiache mpaka watakapokuwa na uhakika kwamba wanabaki.

Huhitaji kuja na mwenzi. Jambo hili huwazuia watu wengi bila sababu, kwa kuwa katika darasa la wanaoanza mwalimu hubadilisha wachezaji kila baada ya dakika chache, na hata wanaokuja wawili wawili hutenganishwa. Wala hakuna sheria ya klabu inayosema mwanamume lazima aongoze na mwanamke lazima afuate. Wasichana wanapokuwa wengi, kama inavyotokea mara nyingi, baadhi yao hujifunza kuongoza, na nimeona kwamba waliojifunza pande zote mbili ndio wanaokuwa walimu wazuri baadaye.

Viatu, na kwa nini nitakaa hapa kidogo

Mgeni hutafuta kwanza nguo, ilhali kitu kinachoweza kumuumiza ni kiatu. Raba ya michezo hung’ang’ania sakafu. Unapogeuza mwili, wayo hubaki pale pale, na goti hulazimika kubeba msokoto ambao halikuumbwa kuubeba. Baada ya wiki mbili utasikia maumivu upande wa ndani wa goti na utasema dansi imekuumiza, kumbe ni soli. Wachezaji wenye uzoefu huvaa viatu vyenye soli ya ngozi iliyo na malaika, ile inayofanana na mahameli, kwa sababu huteleza kiasi unachotaka na hushika kiasi unachotaka. Viatu vya Kilatini vya wanawake huwa wazi mbele na soli yake hupindika, ili wayo uweze kunyooka mpaka kwenye kidole. Vya ukumbini hufunika vidole, kwa kuwa humo mwenzako anatembea mbele yako na atakukanyaga.

Viatu hivyo haviuzwi kila mahali, na kuviagiza ni ghali kwa mwanafunzi. Sisi tumezoea kufanya hivi: tafuta kiatu cha ngozi kilichochakaa juu juu lakini bado kigumu, kinachokubana vizuri kisigino, cha kufunga kamba au chenye mkanda juu ya wayo, kisha umpelekee fundi viatu pamoja na kipande cha ngozi laini. Mwambie abandue soli ya raba, abandike ngozi hiyo huku upande wenye malaika ukitazama chini, na ashone ukingoni badala ya kutegemea gundi peke yake, kwa maana gundi huachia ukumbi unapopata joto. Mafundi wengi watakushangaa na kukuambia umegeuza ngozi. Simama pale pale mpaka amalize. Viatu vyangu vya kwanza fundi alivirudishia ngozi upande wa kung’aa kwa kuamini kwamba ananisaidia, nami nikateleza kama niliyekanyaga ganda la ndizi mbele ya darasa zima. Baada ya kubandikiwa hivyo, usivivae nje hata hatua tatu, kwa sababu vumbi la Tabora huziba yale malaika kwa siku moja. Vibebe katika mfuko, na kila baada ya mazoezi vipige brashi ngumu.

Kwa jioni mbili au tatu za mwanzo unaweza kucheza na soksi nzito ikiwa sakafu ni safi na mwalimu ameruhusu, ingawa kwenye vigae hatari ya kuteleza ni kubwa. Kisigino kirefu kiache kwanza. Mwanamke anayeanza na kisigino cha wastani, kipana, hujifunza kusimama juu ya mguu wake mwenyewe, na huo ndio msingi wa kila kitu kingine.

Nguo ni jambo jepesi: vaa kitu kinachokuruhusu kupanua hatua na kuinua mikono bila kuvutika, na ulete fulana ya pili, kwa sababu joto la mwezi wa kumi hapa halina huruma na mwenzako atakushika mgongoni. Taulo ndogo, chupa ya maji, kucha fupi, pete zenye ncha ziache bwenini. Akina dada wanaojitanda wabane mtandio kwa pini zisizo na ncha wazi, na ncha za mtandio ziingizwe ndani ya nguo, kwani nimeshaona mtandio ukinaswa na kifungo cha shati katikati ya mzunguko.

Jioni ya kwanza

Utafika ukitegemea kufundishwa mitindo, nawe utafundishwa kutembea. Wanafunzi wengine hukasirika hapo. Vumilia, kwa sababu kutembea kwa dansi ni tofauti na kutembea kwa njiani: uzito wote wa mwili unahamia juu ya mguu mmoja kabla mguu mwingine haujaondoka, na anayetembea nyuma ananyoosha mguu wake kutoka kwenye nyonga, si kutoka kwenye goti. Mwalimu akikuzungusha ukumbi mzima kwa robo saa ukitembea tu, mbele na nyuma, amekupa zawadi. Utaelezwa pia kwamba wachezaji wote huzunguka ukumbi kinyume na mishale ya saa. Ni kanuni ya usalama kama ile ya magari kushika upande mmoja wa barabara, na ukitaka kusimama uzungumze, sogea katikati au toka kabisa.

Kisha kushikana. Katika dansi ya ukumbini, mkono wa kulia wa anayeongoza hukaa juu ya kombe la bega la kushoto la mwenzake, mgongoni, si kiunoni. Mkono wa kushoto wa anayefuata hulala juu ya mkono wa mwenzake karibu na bega. Mikono ile mingine miwili hukutana pembeni, kwenye usawa wa macho ya aliye mfupi kidogo. Viwiko havianguki. Vidole havikandamizi. Anayeongoza hamvuti wala kumsukuma mwenzake kwa mikono, bali anapeleka mwili wake mwenyewe mahali anapotaka kwenda, na mwenzake anaupata ujumbe huo kupitia mgongo na mabega kabla hata mguu haujagusa chini. Wavulana wetu wengi hushindwa hapa kwa sababu ya nguvu. Ukiona mwenzako anakunja uso au anatetemesha mkono baada ya wimbo mmoja, legeza.

Sitaki kulikwepa jambo la dini na malezi, kwa maana mji huu una waumini wengi wa Kiislamu na Wakristo waliolelewa kwa heshima, na mwanafunzi anaweza kujiuliza baba na mama wangesema nini. Kushikana kwa darasa kunaweza kufanywa kwa umbali wa mikono miwili iliyonyooshwa mbele, viganja kwa viganja au mikono mabegani, na hatua zote za mwanzo zinafundishika hivyo. Klabu inayofaa itakuruhusu pia kucheza na wa jinsia yako pekee ikiwa ndivyo dhamiri yako inavyokuelekeza, na haitakuuliza mara mbili. Mwambie mwalimu kabla ya kipindi, si katikati. Na yeyote anayekushika mahali pasipohusika na dansi, au anayekataa kukuachia ulipomwomba, mtaje kwa kiongozi wa klabu jioni ile ile, na kiongozi asipofanya kitu, nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Katika darasa langu mtu wa namna hiyo hapewi nafasi ya tatu.

Sanduku la chaki

Walsi hufundishwa mapema kwa sababu umbo lake linaonekana kwa macho. Ina mapigo matatu, la kwanza likiwa zito, na kasi yake ya kawaida ni vipimo 28 hadi 30 kwa dakika, kila kipimo kikiwa fungu moja la mapigo hayo matatu, yaani mapigo 84 hadi 90. Waliopitia kwaya huipata haraka, kwa kuwa nyimbo nyingi za kanisani huenda kwa mapigo matatu. Wengine wanahitaji siku kadhaa za kuhesabu kwa sauti, maana masikio yetu yamelelewa na muziki wa mapigo manne.

Nifanyavyo na wageni ni kuwapeleka nje, kwenye sementi iliyo kivulini, na kuchora kwa chaki mraba wenye upande mrefu kama hatua yako moja ya kawaida. Simama kwenye kona ya nyuma ya kushoto, miguu pamoja, ukitazama mbele. Moja: mguu wa kushoto unakwenda mbele mpaka kona ya mbele ya kushoto. Mbili: mguu wa kulia unakwenda mpaka kona ya mbele ya kulia, na katika safari yake unapita karibu na mguu wa kushoto, haukati mraba kwa mshazari. Tatu: mguu wa kushoto unaufuata wa kulia na kufunga. Sasa rudi. Moja: mguu wa kulia nyuma. Mbili: wa kushoto upande, mpaka kona uliyoanzia. Tatu: wa kulia unafunga. Anayefuata hufanya kinyume chake, akianza kwa mguu wa kulia kwenda nyuma. Kosa linalojirudia ni kufunga bila kuhamisha uzito, hivi kwamba mchezaji akifika kwenye moja inayofuata hajui ni mguu upi ulio huru. Dawa yake ni ndogo: kila unapofunga, inua kidogo kisigino cha mguu uliosimamia kabla, uthibitishe kwamba hauna kitu juu yake.

Miguu ikishazoea, ongeza kupanda na kushuka. Kwenye moja magoti yamelegea. Kwenye mbili unaanza kuinuka. Kwenye tatu umefika juu, kwenye sehemu ya mbele ya wayo, na mwisho wa tatu unashuka taratibu ili uweze kuondoka tena. Usirukeruke. Maji ya ziwa yanavyoinua mtumbwi pale Kigoma, bila kishindo, ndivyo mwili unavyopaswa kuinuka, na wanafunzi wangu wanaotoka kule hunielewa mara moja.

Rumba ambayo unadhani unaijua

Hapa ndipo wenyeji wa miji yetu hupata shida kuliko wageni. Kila mmoja wetu amekua akisikia rumba, amemwona mjomba akiisakata kwenye harusi, na mwili wake unajua kunengua kabla ya kujua kusoma. Kisha anaingia klabuni, mwalimu anaweka wimbo wa taratibu, na kumwambia kwamba kwenye pigo la kwanza mguu hautembei.

Ndivyo ilivyo. Katika rumba inayofundishwa kimataifa, hatua zinaanguka kwenye pigo la pili, la tatu na la nne, na ile hatua ya nne inashikiliwa mpaka pigo la kwanza linapita. Kwa anayeongoza: mbili, mguu wa kushoto mbele, tatu, uzito unarudi kwenye mguu wa kulia uliobaki nyuma, nne, mguu wa kushoto upande, moja, miguu imetulia na nyonga inamalizia safari yake. Pigo zito la muziki limeachiwa kiuno. Aliyezoea kuingia na pigo la kwanza atajikuta amemtangulia mwenzake kila kipimo, naye atadhani kwamba muziki ndio uliokosea. Kunengua kwenyewe nako kuna chanzo tofauti: hausukumi kiuno, unanyoosha goti la mguu uliosimamia, na nyonga inakwenda yenyewe kwa kuwa haina mahali pengine pa kwenda. Ukinengua kwa makusudi juu ya magoti yaliyokunjwa, mwalimu atakusimamisha.

Ninachowashauri wenyeji ni kuzitenga rumba mbili kichwani kama mtu anavyotenga lugha mbili, bila kuidharau hata moja. Weka wimbo wa bendi uupendao, kaa kwenye kiti, usicheze. Piga kofi kwenye mbili, tatu na nne, na kwenye moja fungua viganja. Fanya hivyo kwa wimbo mzima, jioni tatu mfululizo, kabla ya kusimama. Kasi ya darasani ni mapigo 100 hadi 108 kwa dakika, hivyo chagua nyimbo za polepole. Baada ya hapo utaikuta chacha ni ndugu wa karibu: mbili, tatu, kisha hatua tatu ndogo za haraka zinazoanzia kwenye nne na kumalizikia kwenye moja, kwa kasi ya mapigo 120 hadi 128. Jina lenyewe ni sauti ya nyayo hizo tatu, na mtindo huo ulizaliwa Kuba mwanzoni mwa miaka ya 1950 kutokana na muziki wa Enrique Jorrín. Hatua za chacha ziwe fupi sana, kwa kuwa muda hautoshi kwa hatua ndefu.

Kubaki

Wengi wanaoacha huacha kati ya wiki ya tatu na ya tano, pale furaha ya ugeni inapopungua na miguu bado haijatii. Jiwekee ahadi ya wiki sita bila kujipima. Katika kipindi hicho fanya mazoezi ya dakika kumi na tano kila siku bwenini badala ya saa mbili siku moja kwa wiki. Kioo cha dirisha wakati wa usiku kinatosha kukuonyesha mabega yako, na hatua zote za mwanzo zinaenea katikati ya vitanda viwili. Hesabu kwa sauti. Mwenzako wa chumba akikulalamikia, mfundishe ashike upande wa pili.

Klabuni, cheza na kila mtu. Mchezaji anayemkimbilia yule yule mmoja hujifunza makosa ya mtu huyo na kuyaita mtindo. Usimsahihishe mwenzako katikati ya wimbo, hasa ukiwa nawe ni mgeni. Mara nyingi kosa unalolihisi kwenye mkono wake limeanzia kwako. Mkikanyagana, sema samahani mara moja, mkaendelee kuanzia pigo linalofuata. Umeme ukikatika, na hukatika, tunapiga makofi na kuhesabu kwa pamoja, na baadhi ya vipindi vyetu bora vimekuwa vya giza, kwa sababu gizani mtu hawezi kutazama miguu yake. Katika mwezi wa Ramadhani omba mazoezi yasogezwe au upewe kipindi chepesi. Kucheza jaivu ukiwa umefunga, kwa mapigo 168 hadi 176 kwa dakika, ni kujitafutia kuanguka. Wakati wa mitihani toa taarifa ukipunguza mahudhurio, kwa maana idadi ya wachezaji ikiwa witiri mtu mmoja hukosa mwenzi.

Maonyesho na mashindano yatakuja, na utaombwa kujaza nafasi. Kubali onyesho la kundi katika muhula wa pili ikiwa unaweza kucheza mtindo mmoja mwanzo mpaka mwisho bila kusimama. Kucheza wawili peke yenu mbele ya watu kunasubiri mwaka wa pili.

Kitu ambacho usikisubirishe ni jioni ya dansi ya wanachama, ile isiyo na mafunzo wala majaji, ambayo klabu huandaa mwishoni mwa muhula. Nenda hata kama unajua sanduku la walsi na chacha ya msingi tu. Msogelee unayetaka kucheza naye, simama mbele yake, mwambie, “Dada, naomba tucheze wimbo huu,” au “Kaka, unaweza kuniongoza katika hii?” Akikataa, mshukuru na usiulize sababu. Akikubali, mwachie nafasi apite mbele, tazameni pengo katika mzunguko kabla ya kuingia, na usianze kwa kukurupuka. Sikiliza vipimo viwili vizima mkiwa mmeshikana na kusimama, mpaka wote wawili mmelipata pigo. Kisha ondoka kwa hatua ndogo kuliko unavyotamani. Wimbo ukiisha usimwachie katikati ya ukumbi: mpe mkono, mtembeze mpaka kwenye kiti chake, umshukuru, na utazame ni nani amekaa peke yake tangu jioni ianze.